Kosa la Chombo na Lawama ya Mtu

Mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiwa katika ukali wake, jeshi la anga la Marekani lilipatwa na msiba ambao adui hakuwa na mkono ndani yake. Ndege za kivita, na B-17 ya kutupia mabomu ikiwa mashuhuri miongoni mwao, zilirejea salama, zikashuka salama, zikakimbia juu ya uwanja mpaka kasi ikapungua, kisha ghafula, wakati ambapo hatari yote ilikwisha kupita, zikaanguka juu ya matumbo yao, panga za injini zikapinda na chuma kikaparuza ardhi kwa kishindo. Haikuwa risasi wala dhoruba. Rubani, mtu aliyechaguliwa kati ya wengi, akasomeshwa kwa gharama na kupimwa macho, moyo na akili kabla ya kukabidhiwa ndege, alikuwa ameikunja miguu ya ndege yake mwenyewe ingali ardhini. Kazi iliyompasa baada ya kutua ilikuwa kurudisha mahali pake vile vibawa vidogo vya nyuma ya bawa, viitwavyo flapi, ambavyo huteremshwa ili ndege iweze kushuka kwa kasi ndogo. Naye, kwa mkono uliozoea kazi na moyo usio na wasiwasi, akageuza swichi ya magurudumu.

Wakuu wa jeshi walikuwa na jina tayari la jambo hili, nalo ni kosa la rubani. Jina hilo lilikuwa na raha yake, kwa kuwa lilifunga jalada: mwenye kosa amejulikana, hana budi kuonywa, kurudishwa darasani au kuondolewa kazini, na ndege nyingine ikaletwa mahali pa ile iliyovunjika. Walakini kosa lenyewe halikusikia onyo. Lilihama kutoka rubani mmoja kwenda kwa mwingine, likawafikia wazembe na wenye hadhari sawasawa, wageni wa kazi na wakongwe wake. Na jambo linalowapata watu wa kila tabia bila ya kubagua haliwezi kwa insafu kuhesabiwa kuwa ni aibu ya mtu mmoja.

Katika maabara ya tiba ya anga iliyokuwa Wright Field, karibu na mji wa Dayton katika jimbo la Ohio, alikuwapo luteni kijana aitwaye Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia aliyehitimu udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka ule ule. Aliulizwa swali lililowashinda wengine: kwa nini marubani hukunja magurudumu badala ya flapi? Desturi ilikuwa kumchunguza aliyekosa. Yeye alitaka kumjua pia asiyekosa. Akaona kwamba marubani wa C-47, ndege ya mizigo iliyorushwa na watu wa mafunzo yale yale, katika vita ile ile na kwa uchovu ule ule, hawakuwa na balaa hii. Basi sababu haikuweza kuwa ndani ya vichwa vya watu, maadamu watu walikuwa wa namna moja. Ilipasa itafutwe pale ndege zilipotofautiana. Vyumba vya marubani vilipochunguzwa, jawabu likawa dhahiri. Katika ndege zilizoanguka, kishikio cha magurudumu na cha flapi vilikuwa ubavu kwa ubavu, aghalabu kwa umbo moja na mwendo mmoja, hata jicho lenye nafasi ya kutosha lilihitaji kutulia ili kuvipambanua. Katika C-47 viwili hivyo havikukaa pamoja, na kila kimoja kiliutaka mkono ufanye tendo la peke yake.

Dawa aliyoitoa ilikuwa ndogo hata mtu angeweza kuidharau. Kwenye ncha ya kishikio cha magurudumu alitia gurudumu dogo lenye mpira, na kwenye kishikio cha flapi alitia kipande chenye umbo la kabari, mfano wa flapi yenyewe. Tangu hapo mkono wa rubani, hata gizani, hata macho yakiwa nje yakiangalia mwisho wa uwanja, ulipata habari ya kile ulichokishika kabla ya kukivuta. Makosa yale yakakoma. Hapakuwa na rubani aliyefukuzwa, wala aliyepewa akili mpya, wala aliyehubiriwa hadhari. Watu walibaki kama walivyokuwa, na chombo ndicho kilichorekebishwa kikawafuata walipo. Fikira hiyo imeishi zaidi ya vita yenyewe, kwani kanuni za ndege za abiria za Marekani zinataka mpaka leo kishikio cha magurudumu kiwe na sura ya gurudumu na cha flapi kiwe na sura ya bawa.

Tukio moja, hata likiwa zuri, halijawa elimu. Elimu hutaka visa vingi vilivyokusanywa, vikapangwa na kupimwa. Kazi hiyo ilifanywa na Paul Fitts na Richard Jones wa maabara ile ile. Waliwaomba marubani wasimulie makosa yaliyowapata wao wenyewe au waliyoyashuhudia kwa wenzao, na mwaka 1947 wakatoa uchambuzi wa visa 460 vya makosa ya kutumia vishikio vya ndege. Anwani ya taarifa yao ilitaja kosa la rubani, lakini maneno hayo waliyafungia ndani ya alama za mtajo, kwa staha ya wanachuoni wasiotaka kugombana na wakuu wao lakini wasiotaka pia kuutia sahihi uongo. Takriban nusu ya visa vyote vilikuwa vya jinsi moja: rubani alikusudia kishikio hiki, akashika kile. Sababu ilionekana kwa yeyote aliyejisumbua kulinganisha. Katika ndege iitwayo B-25 safu ya vishikio vya injini ilianza na cha nguvu, kikafuata cha panga, kisha cha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Katika C-47 cha panga kilitangulia na cha nguvu kikafuata. Katika C-82 cha mchanganyiko ndicho kilichokuwa cha kwanza, na cha panga kikawa cha mwisho. Rubani aliyehamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine alichukua pamoja naye mazoea ya mkono wake, amana aliyoichuma kwa saa nyingi za kazi, na amana hiyo ikamgeukia siku ya dhiki, wakati ambapo mtu hana nafasi ya kufikiri bali hutenda kwa mazoea tu.

Fitts hakuishia hapo. Mwaka 1954, akiwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alitoa kanuni ya hesabu juu ya mwendo wa mkono: muda wa kuifikia shabaha huongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali na inavyokuwa nyembamba, na uhusiano huo waweza kuandikwa kwa tarakimu na kutabiriwa kabla ya kujaribiwa. Wakati ule kanuni hii ilionekana kuwa jambo la maabara. Miaka 24 baadaye ilikuja kuamua namna wanadamu watakavyozungumza na kompyuta.

Wakati huo huo elimu hii ilishuka kutoka angani ikaingia majumbani kwa mkono wa mtoto wa Afrika. John Karlin alizaliwa Johannesburg mwaka 1918, akasoma Cape Town, akaenda Marekani kuendelea na masomo, na mwaka 1945 akaajiriwa na maabara za Bell, zilizokuwa mali ya kampuni kubwa ya simu ya nchi hiyo. Alikuwa mwanasaikolojia mtafiti wa kwanza kati ya wahandisi wengi, na alikuwa pia mpiga fidla. Labda ndiyo sababu hakuona ajabu kufikiri juu ya vidole vya watu. Wahandisi walipotengeneza simu mpya ya mezani waliziondoa tarakimu ndani ya matundu ya gurudumu la kupigia wakaziweka pembeni, ili zisomeke vizuri na zisifutike kwa kuguswa. Jambo lilikuwa jema, lakini watu wakapiga simu polepole kuliko zamani, kwa sababu kidole kilikuwa hakina tena mahali pa kulenga. Karlin akashauri nukta nyeupe itiwe chini ya kila tundu. Nukta hiyo haikuwa na maana yoyote ya kusomeka, haikuwa tarakimu wala herufi. Kazi yake ilikuwa kukipa kidole shabaha, na kasi ikarudi.

Ilipofika zamu ya simu ya vitufe, swali likawa kubwa zaidi. Mashine za hesabu za maofisini zilikuwa na 7, 8 na 9 juu, na 1, 2 na 3 chini, na wengine walidhani kwamba jambo limekwisha kuamuliwa na desturi. Maabara haikukubali kukisia. Mipangilio mingi ilitengenezwa, ya duara kama gurudumu la zamani, ya safu mbili, ya mashine za hesabu na mingineyo; watu wa kawaida wakaitwa kuijaribu, muda wao ukapimwa, makosa yao yakahesabiwa, na wakaulizwa pia kipi kinawapendeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1960 na R. L. Deininger. Mipangilio kadhaa ilikaribiana kwa kasi, na kati ya iliyo mizuri ukachaguliwa ule wa safu tatu za vitufe vitatu, 1, 2 na 3 juu, na sifuri peke yake chini. Tarehe 18 Novemba 1963 simu za namna hiyo zilianza kutumiwa na wateja katika miji miwili ya jimbo la Pennsylvania, nazo hazikuhitaji mwalimu. Mpangilio ule ndio ulio katika simu ya mkononi ya mkulima wa Kitale na mvuvi wa Pemba, ambao hawana habari ya maabara hiyo wala hawana haja nayo. Na heshima kubwa ya kazi ya namna hii ni kutumika bila ya kutajwa.

Lakini elimu kuwapo ni jambo moja, na kutumika ni jambo jingine. Katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania, kwenye kisiwa cha Three Mile Island ndani ya mto Susquehanna, palikuwa na vinu viwili vya nyuklia. Saa kumi alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979 pampu za maji zilisimama katika kinu cha pili. Mtambo ulijizima kama ulivyopangwa. Shinikizo likapanda, na vali ya kupunguza shinikizo ikafunguka kama ilivyopasa. Baada ya sekunde chache ilikuwa ijifunge. Haikujifunga, na maji yaliyokuwa yakiupoza moyo wa kinu yakaanza kutoroka kwa njia hiyo.

Mbele ya waendeshaji palikuwa na taa ndogo iliyohusu vali ile. Taa ikazimika, nao wakaamini, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeamini, kwamba vali imefunga. Kwa hakika taa haikuwa na habari yoyote ya vali. Waliotengeneza ubao ule waliiunganisha na amri ya umeme iliyopelekwa kwenye vali, wala si na vali yenyewe. Taa ilipozimika ilitoa habari kwamba amri ya kufunga imekwenda, na haikuweza kusema kama amri imetiiwa. Watu wakasoma tendo mahali palipoandikwa nia. Kipimo cha tangi lililopokea maji yaliyovuja, ambacho kingeifichua siri hiyo, kilikuwa nyuma ya ubao, asikokuona aliyesimama mbele yake. Taa nyingine, iliyohusu vali za maji ya akiba, ilikuwa imefunikwa na kadi ya matengenezo iliyoning'inia. Ishara za hatari zaidi ya 100 zikalia na kumeta katika dakika za mwanzo, nzito na nyepesi kwa sauti moja, bila ya kusema ipi iangaliwe kwanza na ipi isubiri. Na mashine iliyochapa habari za matukio ikazidiwa, karatasi ikaja kueleza mambo yaliyokwisha kupitwa na wakati.

Na lililo zito kuliko yote, hapakuwa na kipimo kilichoonyesha kina cha maji juu ya moyo wa kinu. Waendeshaji walilazimika kukisia kwa kipimo cha chombo kingine, nacho kiliwaambia kuwa maji ni tele kupita kiasi. Wakapunguza maji ya dharura, na kwa kutii walivyofunzwa wakazidisha maangamizi. Zaidi ya saa mbili zilipita mpaka mtu wa zamu iliyokuwa ikiingia, ambaye fikira zake hazikuwa zimefungwa na dhana ya usiku kucha, alipoitilia shaka vali ile, na njia yake ikazibwa kwa vali nyingine. Takriban nusu ya moyo wa kinu iliyeyuka katika msiba huo.

Rais Jimmy Carter aliteua tume chini ya John Kemeny, mwanahisabati aliyekuwa mkuu wa chuo cha Dartmouth. Tume haikuyaficha matendo ya waendeshaji yaliyoongeza madhara, lakini ilikataa kusimama hapo. Ilitazama mafunzo waliyopewa, taratibu walizoandikiwa na chumba walichowekwa, ikavikuta vyote vina kasoro. Miongoni mwa wataalamu walioitwa baadaye kuchunguza mambo hayo alikuwa Donald Norman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kilichopo San Diego, ambaye kabla ya hapo aliishughulikia zaidi elimu ya kumbukumbu na uangalifu. Aliona kwamba waendeshaji walikuwa watu wenye akili na bidii, na kwamba lau chumba kile kingekuwa kimekusudiwa kuwapoteza, kisingalifanyika tofauti sana. Alichokiona hapo kilimgeuza njia. Mwaka 1988 alitoa kitabu juu ya saikolojia ya vitu vya kila siku, milango, majiko, mabomba na swichi, ambamo hoja ya Chapanis ilitolewa nje ya viwanja vya ndege ikapewa kila msomaji. Mlango unaovutwa na watu wengi ilhali wapaswa kuusukuma, alifundisha, ni mlango uliotengenezwa vibaya.

Ni jambo la kufikirisha kwamba Kemeny, aliyepewa kazi ya kuamua juu ya waendeshaji wa kinu, alikuwa miaka 15 kabla, mwaka 1964, ameshirikiana na Thomas Kurtz kuunda lugha ya kompyuta iitwayo BASIC, ili wanafunzi wasio wa sayansi waweze nao kuitumia mashine iliyokuwa mali ya wachache. Kompyuta ya zama hizo ilimtaka mtu aingie katika fikira zake. Hata mashine zilizotengenezwa kwa nia njema zilikuwa na mitego. Katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, palitengenezwa mwaka 1974 programu bora ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Programu hiyo ilikuwa na hali mbili: katika hali moja herufi iliyobonyezwa iliandikwa, katika nyingine herufi ile ile ilikuwa amri. Mtu aliyesahau yuko katika hali gani, akaandika neno la Kiingereza "edit", alikuwa ametoa amri tatu bila kujua: E ilichagua waraka wote, D ikaufuta, I ikafungua nafasi ya kuandika, na T ikaandikwa peke yake juu ya ukurasa mtupu. Kazi ya siku nzima iligeuka kuwa herufi moja, na mwandishi hakuwa amefanya lolote ila kuandika.

Larry Tesler, aliyekuwa katika kituo kile, aliichukia mitego ya namna hiyo kwa chuki ya mtu anayepinga dhuluma, hata akabandika katika gari lake kibao cha namba chenye tangazo la kuzikataa hali hizo. Alipoanza, pamoja na Tim Mott, kutengeneza programu ya wahariri wa kampuni moja ya vitabu, hakuanza kwa kuandika programu. Alimweka karani mgeni wa kazi mbele ya kioo kisicho na kitu, akamwomba aeleze angependa kusahihisha maandishi vipi kama kioo kingeweza kumsikia. Karani akaonyesha kwa kidole: hapa ningechagua, hapa ningefuta, hapa ningeingiza. Kutokana na majibu ya watu wa namna hiyo ikazaliwa Gypsy, programu ambamo herufi huandika daima, maneno huchaguliwa kwa kipanya, na kilichochaguliwa hukatwa na kubandikwa mahali pengine. Kila anayekata na kubandika leo anatumia jawabu la swali aliloulizwa karani ambaye hakuwa fundi wa kompyuta.

Kanuni ya Fitts nayo ikarudi. Mwaka 1978 Stuart Card na wenzake wa kituo hicho hicho walitoa majaribio ya kulinganisha kipanya na vyombo vingine vya kuonyeshea, wakakuta kwamba mwendo wa kipanya unafuata kanuni ile na unakaribia ukomo wa uwezo wa mkono wenyewe. Kwa maneno mengine, kilichobaki kuuchelewesha mkono kilikuwa mwili wa mwanadamu, si chombo. Mwaka 1981 Xerox iliuza kompyuta ya Star, yenye madirisha, ikoni na kipanya, kwa bei ya zaidi ya dola 16,000, ambayo wachache waliimudu. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilitoa Macintosh kwa dola 2,495, na fikira zile zikaenea ulimwenguni.

Wenye kazi walianza sasa kuyaandika waliyojifunza. Mwaka 1985 John Gould na Clayton Lewis wa kampuni ya IBM walitoa misingi mitatu: mwenye kuunda awajue watumiaji na kazi zao tangu mwanzo, apime kwa majaribio jinsi wanavyokitumia chombo, kisha arekebishe na kupima tena na tena. Mwaka 1994 Jakob Nielsen alipanga kanuni kumi ambazo mpaka leo hufundishwa madarasani. Anayezisoma bila historia huziona kuwa nasaha za kawaida. Anayeijua historia huona kwamba kila moja ilinunuliwa kwa hasara ya watu. Chombo kionyeshe hali yake ya kweli: hiyo ni taa ya Three Mile Island. Kiwe na mpangilio mmoja usiogeuka: hivyo ni vishikio vya C-47 na C-82. Kimpe mtu njia ya kurudi alikotoka: huo ni waraka uliofutwa kwa neno moja. Kizuie kosa kabla halijatokea: hilo ni gurudumu dogo la mpira.

Kanuni hizo ziliifikia Afrika ya Mashariki kwa njia ya fedha. Mwezi Oktoba 2005 kampuni ya Vodafone, kwa kazi ya Nick Hughes na Susie Lonie, pamoja na Safaricom na shirika la mikopo midogo la Faulu, ilianza majaribio Nairobi na Thika ya kuwawezesha wakopaji kulipa madeni yao kwa simu ya mkononi. Wenye mradi walikuja na fikira yao; watu wakaja na maisha yao. Wakopaji walianza kuitumia huduma ile kwa mambo ambayo hayakuwa katika mpango: wengine walilipa mikopo ya wenzao kama ujira wa kazi waliyofanyiwa, wengine waliweka fedha mwanzoni mwa safari wakaichukua mwishoni ili wasiibiwe njiani, wengine waliwatumia jamaa zao waliopatwa na shida. Mradi mwingine ungeliita jambo hilo matumizi mabaya, ukawarudisha watu katika mstari. Huu uliwafuata watu. Huduma ilipofunguliwa rasmi nchini Kenya mwezi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, wito wake haukuwa kulipa mikopo, ulikuwa kutuma fedha nyumbani.

Umbo lake lilistahili wito huo. Menyu iliwekwa ndani ya laini ya simu, hivyo simu ya bei rahisi kuliko zote iliweza kuitumia. Mtu alichagua kutuma pesa, akaandika namba, kiasi na namba ya siri, akathibitisha. Kisha ukaja ujumbe kwa aliyetuma na kwa aliyepokea, wenye kiasi, jina na salio. Hapa ndipo tofauti na taa ya Pennsylvania inapoonekana: ujumbe ule haukuleta habari ya amri iliyotolewa, ulileta habari ya jambo lililokamilika, na mama aliyekuwa shambani alikuwa na ushahidi ule ule alionao mwanawe wa mjini. Hata hivyo kosa halikukosa pa kupenya. Namba ya simu ni ndefu, kidole huteleza, na fedha za ada ya shule zilimwendea mgeni. Kwa muda mrefu jawabu lilikuwa kumwambia mtumaji awe mwangalifu, yaani lile lile onyo la marubani wa mwaka 1943. Baadaye ikaongezwa huduma ya kuhakikisha, ambayo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka na kumpa nafasi ya kusimamisha. Mwanadamu hakumbuki tarakimu zote, lakini humtambua ndugu yake kwa jina. Na chombo kilipotakiwa kutoa kile ambacho mtu anakitambua, watumaji wakapata pa kulikamatia kosa kabla ya hasara.

Ninaieleza historia hii kwa urefu kwa sababu lawama haijatoweka, imebadilisha tu makazi. Siku hizi mzee anayeshindwa kujaza ombi la hati katika simu huambiwa kuwa hajasoma, na mama anayekwama katika malipo ya hospitali huambiwa kuwa ana papara. Nao, kwa unyenyekevu unaouma, hukubali, wakamwomba mtoto awasaidie. Rubani wa B-17 naye alikubali. Hiyo ndiyo sababu kosa la chombo huishi muda mrefu: waliodhulumiwa nalo hujishitaki wenyewe, na aliyelitengeneza hasikii malalamiko. Kwa hivyo anayeunda huduma za serikali, za benki, za afya au za shule kwa watu wetu hana ruhusa ya kungoja wamlalamikie. Inampasa aende wanakotumia, akae pembeni akiwa kimya, ahesabu wanapokosea, na kila kosa linalojirudia kwa watu wawili au watatu wasiofahamiana alichukue kuwa ni lake, alitengeneze, kisha arudi tena kuangalia. Kazi hiyo haina fahari ya uvumbuzi, na wengi watakaofaidika nayo hawatamjua kwa jina. Lakini gurudumu la mpira, nukta nyeupe na jina la mpokeaji vyote vilipatikana kwa njia hiyo, na hakuna hata kimoja kilichopatikana kwa kumkemea mtumiaji.